Ujumbe Niliousoma Nusu

Darasa letu lilikuwa ghala la chama cha msingi. Msimu wa kununua kahawa ulikuwa umekwisha na magunia yalishapelekwa Mbinga mjini, lakini harufu ilibaki ukutani kama moshi unavyobaki kwenye nguo. Waliingiza humo meza mbili ndefu na kompyuta tano kuukuu, na kila siku saa tisa alasiri, mvua ikikubali, watu wazima kumi na mmoja walikuja kujifunza kusoma na kuandika.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mwalimu mstaafu aliyelianzisha darasa alikuja nyumbani akazungumza na mama.

"Nasikia huyu binti anajua kompyuta."

"Anajua," mama akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ungo mkononi, na hakuna aliyeniuliza. Kusema kweli hata wangeniuliza nisingejibu. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nilipenda chumba cha kompyuta kwa sababu kompyuta haikwambii usimame mbele ya wenzako ujieleze. Nikajifariji kwamba mwalimu atashughulika na watu na mimi nitashughulika na mashine.

Siku ya kwanza tu niligundua nimejidanganya. Mwalimu alisimama ubaoni na chaki yake, na mimi nilipita nyuma ya viti, na kila kiti kilikuwa na mtu aliyenizidi umri mara tatu anayenishika mkono akisema, "Ticha, njoo huku." Kulikuwa na mzee mmoja wa ziwani, Mnyasa, aliyeoa huku milimani akabaki akituuzia usipa, dagaa wa ziwa lao. Alikinyanyua kipanya, akakigeuza, akakiona kile kitaa chekundu kwa chini.

"Haya, tazameni! Samaki mwenye jicho tumboni. Kwetu huyu tungemrudisha majini."

"Mrudishe basi mezani, mvuvi wewe," mwanamke mmoja akamjibu. "Huku hakuna maji."

"Ndiyo shida ya watu wa milimani. Mnavua juu ya mbao."

Walicheka wote, na nikashangaa kwamba watu wasiojua kusoma walikuwa wameingia darasani bila kutetemeka, wakati mimi ninayejua nilikuwa nimejificha nyuma ya waya za umeme.

Kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha, alikaa mama mkubwa. Si ndugu yetu wa damu. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na mstari wa migomba tu, na tangu nijue kusema nimemwita hivyo. Alikuja akitoka shamba, miguu ameinawa mtoni lakini udongo umebaki kwenye kucha. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa simu yake ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, akaiweka mezani mbele ya kompyuta.

"Mimi sina mengi, mwalimu," akamwambia mstaafu. "Humu ndani mna meseji tisa za mwanangu. Sijafuta hata moja. Nataka kuzisoma mwenyewe, halafu nimjibu mwenyewe. Nikishaweza hapo, hata mkinifukuza sawa."

Nilijua meseji ya tisa inasema nini. Nilikuwa mtu pekee kijijini aliyejua.

Lazima nieleze. Binti yake alipata mimba mwaka mmoja baada ya kumaliza shule, kwa kijana aliyefanya kazi kwenye makaa ya mawe kule Ngaka. Baba mkubwa, yaani mume wa mama mkubwa, alimwambia binti asikanyage tena pale nyumbani, na baba mkubwa ni mtu ambaye akisema neno, kuku nao wanalisikia. Binti akaenda Ngaka. Akawa anatuma meseji kwenye simu ya mama yake, na kwa kuwa wazazi wote wawili hawakujua kusoma, mimi ndiye nilikuwa naitwa kuvuka migomba nikasome. Nilikuwa kidato cha pili. Meseji nyingi zilikuwa fupi: amefika salama, amepata chumba, wamsalimie fulani. Nilizisoma, nikaambiwa cha kujibu, nikaandika, nikarudi nyumbani.

Ile ya tisa ilikuja siku ya mvua kubwa, siku ambayo baba mkubwa hakwenda shamba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, anasikiliza. Nikaifungua. Ilisema: Mama nimejifungua mtoto wa kike. Baba najua hanitaki. Nakuuliza wewe, unanitaka au hunitaki? Nijibu wewe, si baba.

Nikamtazama baba mkubwa. Naye alikuwa ananitazama. Nikasema, "Anawasalimu. Anasema hajambo."

"Basi?" mama mkubwa akauliza.

"Basi."

"Mjibu kwamba na sisi hatujambo."

Nikaandika: Na sisi hatujambo. Nikatuma. Kutoka Ngaka halikuja tena neno. Mwezi ukapita, ukaja mwingine, ikawa miaka miwili. Mama mkubwa alidhani mwanaye amewakasirikia wazazi wote wawili. Kijijini walisema binti amepata maisha akasahau kwao. Mimi nilisikia hayo yote nikanyamaza, na kila nilivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kufungua mdomo.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na zile meseji tisa, na mimi ndiye mwalimu wake.

Nilimtazama akijifunza kwa majuma mengi, na hata nisingekuwa na hofu yangu bado ningemstaajabia. Mwalimu aliwapa herufi ubaoni, mimi nikawaonyesha zilipo kwenye kibodi, na ilikuwa ajabu kuona mikono inayopalilia ekari nzima ikitafuta herufi moja kwa kidole kimoja, kwa upole, kama mtu anayetoa mdudu jichoni mwa mtoto. Mama mkubwa hakubonyeza ovyo. Alitazama kwanza safu yote, akapata, akatamka, ndipo akabonyeza. Ikitokea kwenye skrini alitikisa kichwa kuikubali.

Mwanzoni niliogopa kwamba kompyuta itawatisha. Kumbe daftari ndilo lililokuwa linawatisha. Kwenye daftari ukikosea, kosa linabaki, unafuta kwa mate, karatasi inatoboka, jirani anaona. Kwenye kompyuta kosa lilifutika kabisa, hakuna aliyejua kama lilikuwepo. Halafu maandishi yalikuzwa mpaka herufi moja ikawa kubwa kama yai. Mzee wa usipa, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alisema, "Kumbe sikuwa mjinga. Herufi zenu zilikuwa dagaa. Hizi sasa ndizo samaki."

Umeme ulikuwa unakatika. Ukikatika, kila walichoandika kilipotea kama walikuwa hawajakihifadhi, na mara nyingi walikuwa hawajakihifadhi kwa sababu mimi niliona aibu kuwakumbusha kwa sauti. Siku moja mama mkubwa alikuwa ameandika mistari minne tangu saa tisa. Skrini ikawa nyeusi. Nikataka kulia kwa niaba yake. Umeme uliporudi, akasogeza kiti, akaanza tena kwenye herufi ya kwanza.

"Pole, mama mkubwa."

"Pole ya nini? Palizi ya kwanza hiyo. Mahindi gani yanapaliliwa mara moja?"

Njia ya kujifunza kupitia zile meseji aliigundua mwenyewe. Herufi za simu zilikuwa ndogo mno kwake, kwa hiyo aliiweka simu kando ya kibodi akanakili meseji herufi kwa herufi kwenye kompyuta, bila kujua bado inasema nini. Akimaliza, alinifanyia ishara nikaikuza. Ndipo akaegemea nyuma na kuisoma. Akilisoma neno la Kiswahili alilirudia chini kwa chini kwa Kimatengo, kama vile anaonja chumvi, halafu akaenda linalofuata. Meseji ya kwanza ilimchukua siku nne. Iliposomeka yote, kwamba mwanaye amefika salama na gari liliharibika Kitai wakalala hapo, alinigeukia.

"Na ndivyo ulivyonisomea. Neno kwa neno."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Wewe ni mtoto mwaminifu."

Nilikwenda nje nikajifanya natazama kama mvua inakuja.

Kuna kitu nilichelewa kukieleza darasani, na kuchelewa kwangu ndiko kulikoleta jambo hili. Programu tuliyoandikia ilijua Kiingereza tu. Kila neno la Kiswahili ililipigia chini mstari mwekundu wa kujikunjakunja, kusema limekosewa. Mimi nimezoea, sikuuona tena ule mstari. Juma la tatu hivi nikapita nyuma ya mama mkubwa nikakuta ameshikilia neno moja muda mrefu, anafuta, anaandika, anafuta.

"Hili bado," akaniambia, kidole kiko kwenye skrini.

"Bado nini, mama?"

"Halijaiva. Yote yameiva, hili moja tu limebaki."

Sikumwelewa. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe mtoto wa wapi? Kahawa unachuma ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Sasa!"

Nikatazama ukurasa wake. Wote ulikuwa mwekundu chini, kutoka juu mpaka mwisho, na alikuwa anajivunia. Miaka yote ya maisha yake ameambiwa usichume ya kijani, usichanganye, chagua nyekundu. Basi alipoona maneno yake yanakuwa mekundu moja baada ya moja, alijua anafanya vizuri. Wenzake watatu walikuwa wamemfuata. Mmoja alikuwa ameshafuta jina la mji mzima kwa sababu lilikataa kuwa jekundu. Neno la mama mkubwa lililokataa lilikuwa "mama".

"Nimeliandika maama, likaiva," akaeleza. "Lakini ukilisoma si mama tena. Likiiva halisomeki, likisomeka haliivi. Nifanyeje?"

Ilibidi niseme kwa sauti, mbele ya wote. Nikasema ule mstari mwekundu maana yake ni kwamba mashine inaona kosa.

"Yaani ukurasa wote nimekosea?" mama mkubwa akauliza.

"Hapana. Hujakosea hata neno moja. Ni mashine haijui Kiswahili."

"Haijui Kiswahili, na inasahihisha?"

"Kama wale mabwana shamba wa zamani," mzee wa usipa akasema. "Hajawahi kuchimba hata shimo moja la ngoro la kulimia mteremkoni, anakuja kuwaambia Wamatengo mashimo yenu yamepinda."

"Wewe Mnyasa unajua nini habari za ngoro?"

"Nimeoa huku. Nimechimbishwa."

Ghala zima lilitikisika kwa kicheko. Mwalimu mstaafu alicheka mpaka akavua miwani. Mama mkubwa naye alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, halafu akaligeukia tena lile neno lisilo na mstari.

"Kwa hiyo katika maneno yote haya, inalolijua ni mama peke yake."

"Ndiyo. Hilo linafanana na la kwao."

"Basi afadhali yenyewe inalijua," akasema taratibu. "Maana mwanangu amelisahau."

Nilikuwa nimeinama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikasema, "Ngoja nikuondolee hiyo mistari," nikaiondoa kwenye kompyuta zote tano, nikarudi nyuma ya waya zangu.

Akaendelea. Meseji ya pili siku tatu. Ya tatu siku mbili. Ya nne na ya tano alizimaliza alasiri moja. Kila alipomaliza moja alifurahi, na mimi nilihesabu zilizobaki. Sikuwahi kuona mtu akija kwa kasi namna ile kwa miguu ya polepole namna ile. Na jicho lake! Miaka ya kuketi kwenye vichanja vya kahawa akitoa punje mbovu ilikuwa imemfundisha kitu ambacho shule haikunifundisha mimi: aliona herufi moja iliyokaa vibaya katikati ya ukurasa kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Mwalimu akaanza kumpa matangazo ya chama ayapitie kabla hayajabandikwa.

Siku alipomaliza ya saba, simu yake ilizima. Akanipa niichaji ofisini kwa katibu wa chama, kwenye soketi ya huko. Nikabaki peke yangu na ile simu. Ilipowaka nikaenda kwenye meseji, nikashuka mpaka ile ya mwisho, na kidole kikakaa juu ya kitufe. Ningeifuta, angesema tisa zimekuwa nane, angedhani amehesabu vibaya. Sikuifuta. Ningependa kuandika kwamba ni kwa sababu ya moyo mwema, lakini ukweli ni kwamba mzee wa usipa aliingia kuomba maji ya kunywa, nikashtuka, nikaiweka simu chini, na baada ya hapo sikuthubutu kuishika tena.

Alifika kwenye ya tisa siku ya Jumanne. Mvua ilikuwa imekuja mapema na watu walikuwa wachache. Alinakili kama kawaida, herufi kwa herufi, simu kando. Mimi nilisimama nyuma yake nikiona maneno yanavyojipanga, moja baada ya lingine. Alipomaliza alininyooshea mkono nimkuzie, nikabonyeza.

Akaegemea. Midomo ikaanza kutembea. Alipofika kwenye "mtoto wa kike" ilisimama. Akarudi mwanzo. Akasoma mpaka mwisho, polepole, na neno la mwisho alilirudia kwa Kimatengo mara mbili.

"Hii ndiyo ile ya siku ya mvua?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Ulisema anatusalimu."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Na nikakwambia umwandikie nini?"

Nikatazama kibodi.

"Umwandikie nini?"

"Na sisi hatujambo."

"Mtoto ananiuliza namtaka au simtaki, mimi namjibu hatujambo."

"Baba mkubwa alikuwepo," nikasema. Nilikuwa nalia na sauti yangu ilikuwa ya ovyo. "Alikuwa ananitazama. Niliogopa."

Ndipo alipogeuka. Hakuwa amekasirika kama nilivyotegemea, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Aliyeulizwa ni mimi. Wewe uliniogopea mimi? Nani alikutuma?"

Akarudisha uso kwenye kompyuta.

"Nenda kasimame mlangoni. Utazame nje. Usigeuke mpaka nikuite."

Nikaenda. Nilisimama nikitazama matone yanavyotoboa mchanga chini ya paa, na nyuma yangu nilisikia kibodi: ta. Kimya. Ta, ta. Kimya kirefu. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, wakanipita mlangoni bila kuuliza. Mwalimu mstaafu alikaa na kufuli mkononi, hakumharakisha. Mara moja tu mama mkubwa aliniita kwa sauti: "Alama ya kuuliza iko wapi?" Nikamwelekeza bila kugeuka. Nadhani alichukua zaidi ya saa nzima, kwanza kwenye kompyuta, halafu kuhamishia kwenye simu, kitufe kimoja kubonyezwa mara tatu kupata herufi moja. Halafu nikasikia akivuta pumzi.

"Imekwenda," akasema, akimwambia mwalimu, si mimi.

Alipotoka alikuwa amefuta kila kitu kwenye skrini. Sijui aliandika nini. Sijui pia alijibiwa nini, wala lini. Kesho yake alikuja darasani, akanakili kitu kutoka kwenye simu, safari hii akiwa ameegemeza kanga kando ya skrini kama pazia, na hakuniita nikuze maandishi. Alijua kukuza mwenyewe. Niliona mgongo wake tu, ukitikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Baadaye akaandika tena, akanyoosha kidole kwenye ile printa ya zamani.

"Karatasi inatokaje?"

Nikamwonyesha kitufe. Karatasi ikatoka na kelele zake. Akaikunja mara nne kabla wino haujatulia, akaifunga kwenye kanga.

Ijumaa asubuhi, nikiwa napepeta mahindi uani, baba mkubwa alivuka migomba. Hajawahi kuja kwetu asubuhi namna ile. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimeamka hayupo," akasema. "Hii ilikuwa juu ya meza, chini ya kopo la chumvi. Kijana wa bodaboda anasema amempeleka mpaka kituoni, akapanda gari la Kitai. Anasema kaacha neno: hii asome yule binti, si mwingine. Haya, soma."

Nikaichukua. Maandishi yalikuwa makubwa, kama alivyopenda, na hayakuwa na kosa. Nikaanza.

"Mume wangu. Nimekwenda Ngaka kumwona mwanangu na mtoto wake. Mtoto ni wa kike. Maharage yako kwenye chungu, yamefunikwa."

Macho yangu yalishatangulia mbele, yakaona kinachofuata, nikaacha kusoma. Baba mkubwa alikuwa ananitazama, macho yale yale, na kwa sekunde kadhaa nilikuwa tena kidato cha pili.

"Endelea," akasema. "Mimi sijui kusoma, lakini naona karatasi haijaisha."

Nikaendelea.

"Siku ile uliposema asikanyage hapa, nilinyamaza. Kunyamaza kwangu wewe ulikuita kukubali. Sikukubali. Ningekwambia kwa mdomo ungenikatiza, kwa hiyo nimeandika. Jumapili nitarudi nao. Kama unataka kufunga mlango, ufunge kabla hatujafika, tusije tukasimama uani watu wakitutazama. Ni mimi mke wako. Nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenisaidia."

Nikamaliza. Nilisoma yote, mpaka nukta. Ungo ulikuwa umeniponyoka na kuku walikuwa wanakula mahindi miguuni mwangu, na sikuwafukuza.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" akauliza.

"Ndivyo."

"Hukuongeza?"

"Sikuongeza, sikupunguza."

"Rudia hapo pa mlango."

Nikarudia. Akasikiliza akitazama chini.

"Jumapili saa ngapi?"

"Haijaandikwa, baba mkubwa."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Haijaandikwa."

Alichukua karatasi, akaikunja kwa mikunjo ile ile, akavuka migomba akarudi kwake.

Ningependa kusema kwamba mama mkubwa amenisamehe. Hajasema. Ananijibu nikimsalimia, na darasani ananiuliza ya kompyuta, lakini simu yake hajanipa tena niishike, hata kuichaji. Anaipeleka mwenyewe ofisini. Naona ni haki yake. Miaka yote nilidhani aibu yangu ni jambo langu peke yangu, kwamba nikinyamaza nimejificha tu mimi. Yeye alikuwa na kila sababu ya kuwa na aibu kunishinda, alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi na mtoto wa jirani akimfundisha herufi, akacheka alipokosea, na alipopata maneno jambo la kwanza alilolifanyia kazi ni lile ambalo wote tuliliogopa.

Jumapili, nilipotoka misa ya kwanza, nilipita makusudi upande wa kwao. Mlango ulikuwa wazi. Baba mkubwa alikuwa amekaa kibarazani, amevaa koti lake la kanisani, ingawa kanisani hakuonekana. Uani kulikuwa kumefagiliwa, na ufagio wa mwanamume unaujua kwa mistari: unakwenda huku na huku bila mpango. Saa sita nilipochungulia kupitia migomba alikuwa bado hapo na koti lake, na jua lilikuwa kali. Saa nane pia.

Walifika karibu saa kumi, kwa miguu kutoka barabarani. Mama mkubwa mbele na kikapu, binti yake nyuma, amekonda kidogo, ameshika mkono wa mtoto aliyevaa gauni la njano na viatu vilivyozidi miguu. Walipofika mwisho wa uwanja binti akasimama. Mama mkubwa aliweka kikapu chini, akasimama kando, akamtazama mumewe, na naona alikuwa ameamua kwamba safari hii hatamsemea mtu yeyote.

Baba mkubwa akainuka. Akavuta koti sawasawa.

"Marahaba," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemsalimia bado. Binti alimtazama, halafu akainama akamsukuma mtoto mbele kidogo, na shikamoo zao zikaja baadaye, zote mbili kwa pamoja.